Dora na Wenzake: Juu ya Mchezo wa Albert Camus

Upo mchezo mmoja ambao nimekwisha kuusoma mara tano pamoja na wanafunzi wa chuo cha ualimu, na mara zote tano tumefunga vitabu hali tumegombana. Jina lake kwa Kifaransa ni Les Justes, yaani Waadilifu. Mtungaji wake ni Albert Camus, Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1913, akapata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1957, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1960. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza mjini Paris, Desemba 1949. Sisi tuliusoma katika tafsiri ya Kiingereza. Hauna nyimbo wala vichekesho, wala bomu lenyewe halionekani jukwaani. Mlio wake husikika kwa mbali tu, na watu waliomo chumbani hutazamana. Anayependa michezo ya kelele atapiga miayo katika sehemu ya kwanza. Namsihi avumilie.

Kisa hiki hakikubuniwa chote. Tarehe 17 Februari 1905, kwa kalenda yetu, kijana aitwaye Ivan Kaliayev alimrushia bomu Sergei, ami yake mfalme wa Urusi, ndani ya boma la Kremlin mjini Moscow, akamwua papo hapo. Sergei alikuwa gavana mkuu wa Moscow tangu mwaka 1891 hata mwanzo wa 1905, na mkono wake ulikuwa mzito. Wayahudi kwa maelfu walifukuzwa katika mji ule siku za utawala wake. Majuma machache kabla ya bomu, askari wa mfalme walikuwa wamewapiga risasi wafanyakazi wa St. Petersburg waliokwenda kupeleka maombi yao bila silaha. Kaliayev alikuwa na umri wa miaka 27. Alikamatwa, akanyongwa mwezi wa Mei mwaka ule ule. Lakini jambo lililomvuta Camus ni lile lililotokea siku chache kabla. Kaliayev alikuwa amepata nafasi ya kumwua Sergei, akaiacha. Gari la farasi lilipopita aliona ndani yake mke wa Sergei na watoto wawili wa ndugu yake, na bomu likabaki mkononi.

Basi fikiri chumba kimoja na vijana watano. Annenkov ni mkuu wao. Dora ndiye mwenye kutengeneza mabomu. Voinov ni mwanafunzi aliyefukuzwa chuo kikuu. Kaliayev, ambaye wenzake wamwita Yanek, hupenda mashairi na ni mwepesi wa kucheka. Wa tano ni Stepan, aliyetoroka kifungoni na kurudi kutoka ugenini, ambaye hacheki kabisa. Wote wamo katika jumuiya ya siri, na jumuiya imeamuru Sergei auawe. Aendaye kuutazama mchezo akitumaini kuonyeshwa majambazi hataonyeshwa. Ataonyeshwa vijana ambao mwalimu ye yote angefurahi kuwa nao darasani. Voinov aliichukia dhuluma mapema, akaona kuwa kuikemea kwa maneno hakutoshi, na kwamba lazima atoe maisha yake. Yanek huyapenda maisha, na kwa sababu ayapenda ataka wengine nao wayapate. Itikadi kali haikuwakuta vijana hawa katika ulevi au uvivu. Iliwakuta wakiona haya kuishi salama hali wengine wanaumia. Wazee wetu wengi hudhani kuwa mtoto mwema hana hatari ya kuchukuliwa, na huchunga wale wakorofi peke yao. Ningependa wausome mchezo huu.

Wasomaji wengi husema kuwa moyo wa mchezo uko katika sehemu ya pili, nao wana sababu. Yanek arudi chumbani, bomu angali nalo, machozi yamtoka. Awaambia wenzake wamhukumu. Wakimwamuru, atangojea gari lile likirudi na kulirusha, watoto wamo au hawamo. Stepan awaka. Kwake watoto wawili si kitu mbele ya maelfu watakaokufa kwa njaa miaka mingi ijayo kwa sababu ya huruma ya usiku mmoja. Dora amwuliza kama yeye Stepan angeweza kumpiga risasi mtoto kwa karibu, akimtazama. Stepan ajibu kuwa angeweza, jumuiya ikiamuru. Ndipo Dora amwuliza mbona amefumba macho. Stepan hakujua kuwa ameyafumba. Katika mchezo mzima, ambamo watu husema maneno mengi makubwa, sijui neno lililopenya zaidi ya swali hilo dogo. Mwili wa Stepan umekataa jambo ambalo ulimi wake umelikubali.

Kwa miaka miwili nilifundisha sehemu hiyo kwa fahari, nikiwaonyesha wanafunzi mpaka ambao mtu hafai kuuvuka. Mwaka wa tatu, kijana mmoja mpole ambaye kwa desturi hasemi aliinua mkono. “Mwalimu,” akasema, “wote wanagombana juu ya watoto. Mbona hakuna hata mmoja anayegombana juu ya yule mzee?”

Sikuwa na jibu tayari. Nilirudi nyumbani nikausoma mchezo upya tangu mwanzo, na jioni ile nikaona kwamba nilikuwa nikimtazama mtu asiye yeye. Nilikuwa nimemtazama Yanek. Yafaa kumtazama Dora.

Yeye peke yake, katika sehemu ya kwanza, amefikiri juu ya yule mzee. Yanek asema kwamba hamwui mtu, aua dhuluma. Dora, ambaye vidole vyake ndivyo vijazavyo dawa ndani ya mabomu, amwonya kwamba kwa dakika moja atamwona mtu hasa: pengine amejikata kidogo kwa wembe asubuhi ile, pengine atacheka, na macho yao yatakutana. Yanek akataa kusikia. Asema hatamwona. Maneno ya Dora yanarudi katika sehemu ya nne, gerezani, mke wa Sergei ajapo kumtazama mwuaji wa mumewe. Mjane huyo hasemi habari za siasa. Amweleza jinsi mumewe alivyokuwa amelala usingizi kitini, miguu juu ya kiti kingine, saa mbili kabla ya kufa. Halafu aongeza jambo ambalo Camus angaliweza kuliacha ili mambo yawe mepesi, asiliache: kwamba wale watoto wawili si malaika. Yule wa kike ana moyo mgumu, naye hataki kuwapa maskini sadaka kwa mkono wake kwa kuogopa kuwagusa. Na Sergei aliyeuawa, yeye aliwapenda wakulima, akanywa nao. Sasa Yanek afanye nini na mizani yake?

Nalisema kuwa Stepan hacheki. Sababu yake yaelezwa kwa maneno machache katika sehemu ya tatu, na ukipitiwa na usingizi utaikosa. Kifungoni alipigwa mjeledi. Msichana mmoja, rafiki yake, alikuwapo. Huyo alijiua kwa kukataa unyonge ule, na Stepan akabaki hai. Tangu siku ile aona aibu kwamba yu hai. Hapa mtungaji amefahamu jambo ambalo hotuba nyingi juu ya vijana na itikadi kali hazilifahamu. Mafundisho ya jumuiya hayakumleta Stepan. Mjeledi ulimleta, na mafundisho yakampa maneno ya kuufunika. Ukibishana naye juu ya mafundisho, atakushinda kila siku. Wewe wagusa nguo tu, na kovu liko chini yake.

Naye Dora ameletwa na nini? Camus hasemi wazi, na hili nalihesabu kuwa upungufu, maana twaelezwa habari za wanaume kuliko za mwanamke aliye bora kuliko wote. Lakini twaona anachokitaka. Katika sehemu ile ile ya tatu, Yanek akiwa tayari kutoka na bomu mara ya pili, Dora amwuliza kama ampenda. Yanek asema awapenda watu wote. Dora asema hilo alijua. Auliza habari yake yeye. Je, angempenda kama asingekuwa katika jumuiya? Angempenda kwa upole tu, kwa ubinafsi hata, kama vijana wengine wapendavyo? Yanek hawezi kumtenga Dora na jumuiya wala na haki. Kwake ni kitu kimoja. Dora aliuliza kwa moyo wa mtu, akajibiwa kwa kauli ya chama. Kisha asema kwamba wao si wa dunia hii, kwao ni baridi daima. Wanafunzi wangu wa kiume hucheka kidogo mahali hapo, kwa aibu ya ujana. Wa kike hawacheki.

Ukitaka kujua kama kundi lo lote limekwisha kuwa gereza, angalia kama yuko mtu anayeweza kuuliza swali la namna hiyo akajibiwa kwa jina lake.

Nisiseme mengi juu ya Skouratov, mkuu wa polisi. Ni mwerevu, maneno yake ni mazuri, na michezo mingi inaye. Lakini Foka sitaki apite hivi hivi. Foka ni mfungwa maskini aliyewaua watu watatu akiwa mlevi, akapewa miaka ishirini. Aingia katika chumba cha Yanek kufagia. Yanek afurahi: huyu ndiye mtu wa watu, mmoja wa wale ambao kwa ajili yao amefanya aliyoyafanya. Amwita ndugu. Amweleza siku zijazo ambazo watu wote watakuwa ndugu. Foka amtazama kama mtu wa kabaila atazamwavyo, haelewi kwa nini bwana mzima ameacha raha zake kuja kufia humu. Kisha, kwa maswali, yafahamika kazi nyingine aifanyayo Foka gerezani. Ndiye mnyongaji. Kila shingo humpunguzia mwaka mmoja wa kifungo, na shingo ya Yanek itamfaa vile vile. Yanek arudi nyuma. Hakuna kelele, hakuna kilio, wala Foka si mtu mbaya sana. Ni mtu aliyehesabu miaka yake. Vijana watano wamekaa miezi ndani ya chumba wakiwapenda watu, wala hawakupata kuongea na mtu mmoja wa hao watu hata gerezani, na huyo mmoja ndiye ashikaye kamba. Wakati mwingine nafikiri kuwa kama Camus angaliandika onyesho hilo tu na kuuacha mchezo uliobaki, bado tungalimshukuru.

Sasa nitaje kosa kubwa zaidi ninaloliona, na wako walimu wenzangu wasiokubaliana nami. Mchezo umewaacha vijana hawa peke yao na dhamiri zao. Mkuu wao, Annenkov, ni mwema kama wao. Hata aona uchungu kuwa kazi yake ni kuwatuma wengine na kubaki. Nyuma yake kuna jumuiya, na nyuma ya jumuiya pazia jeusi. Lakini historia imekwisha kulifunua pazia hilo. Mkuu wa kundi la kweli alilolitumikia Kaliayev wa kweli alikuwa mtu aitwaye Yevno Azef, na Azef alikuwa akila mshahara wa polisi wa mfalme. Baadhi ya vijana aliwatuma kuua, wengine aliwauza, kwa kadiri ya faida yake. Alikuja kufichuliwa mwishoni mwa mwaka 1908, Kaliayev akiwa kaburini zaidi ya miaka mitatu. Camus ametaka kupima roho safi, hivyo akamwacha Azef nje ya mlango. Namwelewa, kwa maana msaliti akiingia, mtazamaji angemlaumu yeye, akapumua. Walakini kijana wa leo asomaye mchezo huu aweza kudhani kwamba kila anayemwita “ndugu” gizani ni Annenkov. Nami niufundishapo, humweka Azef mezani kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, kusudi kila mara jina la jumuiya litajwapo wanafunzi wajiulize ni nani hasa aliyetoa amri.

Ubishi wetu mkali zaidi huwa juu ya nchi yetu. Wako wanafunzi wasemao kwamba Yanek ni Dedan Kimathi aliyevikwa koti la Kirusi, kwamba kumwita mwenye itikadi kali ni kuongea kwa kinywa cha yule aliyemnyonga tarehe 18 Februari 1957. Husoma pia mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya Kimathi, uliotoka mwaka 1976, nao huona kwamba wa Camus ni baridi mno, kwamba dhuluma yenyewe haionekani jukwaani, ila majuto ya wanaoipinga. Wako na wengine ambao hawawezi kusikia habari za vijana na mabomu pasipo kukumbuka Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa, karibu wote wanafunzi. Mmoja wa wauaji wale alikuwa kijana aliyemaliza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mimi sikubali kuwatia wote katika kapu moja. Watu walionyang'anywa ardhi, wakafungwa kambini, si sawa na mtu aingiaye bwenini alfajiri kuwapiga risasi vijana wenziwe. Mkono wa Yanek ulisita kwa watoto wawili waliotokea njiani. Katika bweni lile, wale vijana ndio waliofuatwa. Lakini wale wa upande wa Kimathi wana haki kuhusu ubaridi wa mchezo, wala Camus mwenyewe hakuepukana na lawama hiyo. Miaka minane baada ya kuonyeshwa mchezo huu, mabomu yalikuwa yakilipuka Algiers, mji wa ujana wake, na mengine yalitegwa na wasichana wanafunzi. Alipoulizwa na kijana wa Algeria mjini Stockholm mwaka 1957, alijibu kwamba mama yake angeweza kuwa ndani ya gari moja la abiria lililotegwa bomu, na ikiwa hiyo ndiyo haki, yeye angemchagua mama yake. Wengi hawakumsamehe. Nimeona darasa likigawanyika nusu kwa nusu juu ya jibu hilo, nami sikulipatanisha.

Nirudi kwa Dora, kwa kuwa ndiye anayenikosesha usingizi. Katika sehemu ya tano ni usiku, wenzake wangojea habari: je, Yanek amenyongwa, au ameungama kwa polisi na kuomba uhai? Dora, aliyempenda, analazimika kutamani kwamba amekufa, maana akiwa hai amewasaliti. Angalia mahali alipofikishwa. Asema kuwa kuua kwenyewe kwaanza kuwa kwepesi, kwamba wale watakaokuja baadaye wataua wala hawatatoa maisha yao. Aona vizuri kabisa. Habari ifikapo kwamba Yanek amekufa bila kuyumba, amtaka Stepan amsimulie yote, hata sauti ya mwisho. Kisha ataka bomu lijalo alirushe yeye, awe wa kwanza. Annenkov asita kwa kuwa ni mwanamke. Dora amwuliza kama sasa yeye ni mwanamke. Na Stepan, yule Stepan, amwambia Annenkov akubali, maana Dora sasa afanana naye.

Yule aliyeona macho ya Stepan yakifumba, sasa amepewa jina la Stepan, na mwenye kumpa ni Stepan mwenyewe, kwa upole. Hakuna aliyemdanganya Dora. Alijua kila kitu, akauliza kila swali lililofaa, na hakuna aliyemjibu. Mwisho likabaki jambo moja tu la kumweka karibu na mtu aliyempenda, nalo ni kufa kama alivyokufa.

Ikiwa shule yenu itapata kuucheza mchezo huu, nina ombi moja kwa msichana atakayekuwa Dora. Asilie kwa sauti katika maneno ya mwisho, wala asikunje ngumi. Mwaka uliopita, msomaji wetu alilia sana, na darasa likampigia makofi, nami nikajua kuwa tumeuharibu. Mwaka huu nilimpa maneno hayo mwanafunzi mwingine, nikamwambia ayaseme kama msichana aombaye ruhusa ya kwenda kwao. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kijana aliyekuwa Annenkov alikuwa na sentensi yake bado, akakaa kimya na kitabu mkononi, akimtazama, mpaka ikanibidi nimkumbushe kwamba ni zamu yake kujibu.